Sukari yenye alama hutiwa kwenye chupa ya mkojo, mtoto hainywi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua. Mimi ni mteknolojia wa maabara mstaafu, naishi Pasua, Moshi. Majuzi mkwe wangu alirudi kutoka kliniki na fomu ya utafiti wa utumbo wa watoto, akaiweka mezani kama mtu aliyeletewa samansi. Jirani alishamsomea njiani: "Hapa wameandika isotopu. Hiyo ni mionzi. Mwanao atanyweshwa mionzi."

Nikavaa miwani. Fomu ilisema mtoto atakunywa laktulosi na manitoli, vitu viwili vya jamii ya sukari, mkojo wake utakusanywa kwa saa 5, kisha utapimwa "kwa kutumia sukari zilizowekewa alama ya isotopu". Basi. Hizo za alama zinatiwa wapi, kimya. Jirani simlaumu.

Laktulosi ni dawa ileile ya kulainisha choo inayouzwa duka la dawa. Utumbo wenye afya huipitisha kidogo mno. Manitoli, ambayo molekuli yake ni ndogo, hupita kwa wepesi. Utumbo ukichakaa, laktulosi nayo hupenya, ikaingia kwenye damu na kutoka na mkojo; ndiyo maana hupimwa uwiano wa hizo mbili. Watoto wa Haydom, hapo Manyara, walipimwa hivyo katika MAL-ED, utafiti wa maambukizi ya utumbo na utapiamlo wa watoto uliofanyika nchi 8.

Sasa hiyo yenye alama. Imetengenezwa kwa kaboni 13, isotopu (yaani aina yenye uzito tofauti) ya kaboni ambayo haitoi mionzi. Ni kaboni yenye nyutroni moja zaidi, na katika kila atomu 100 za kaboni duniani, kama 1 hivi ni yenyewe, iwe kwenye ugali au kwenye kucha zako. Miwa ya TPC, kiwanda cha sukari, na mahindi vinayo zaidi kidogo kuliko ndizi za kihambani, na sijasikia mtu akikimbia chai kwa sababu hiyo. (Kwa sababu ya kisukari, akimbie.)

Nilipoanza kazi, kupima sukari kwenye mkojo tulitumia dawa ya Benedict: matone 8 ya mkojo, mililita 5 za dawa ya bluu, chemsha. Ikibaki bluu, salama; ikienda kijani, njano, hadi rangi ya tofali, unaandika plasi, yaani sukari ipo. Shida ni kwamba mama anayenyonyesha anaweza kuigeuza kwa sukari ya maziwa tu, wakati sukari tunayotia kwenye chai haiigeuzi kabisa. Niliwahi kumtisha mama mmoja kwa plasi mbili za namna hiyo. Bado namwona alivyokaa kwenye benchi la nje, mtoto mgongoni.

Leo mashine inapima uzito wa molekuli, lakini mkojo bado ni mkaidi. Wa asubuhi una rangi ya chai ya rangi, wa mchana ni maji matupu, na chumvi zake huififisha sukari mbele ya mashine, kila sampuli kwa kiasi chake. Mkulima wa Kibosho atanielewa: una debe la buni, hujui lina punje ngapi. Tia punje 1,000 ulizopaka rangi nyekundu, changanya sawasawa, chota kikombe. Ukikuta kwa kila nyekundu 1 kuna 60 za kawaida, debe lilikuwa na 60,000. Hata nusu ya kikombe ikimwagika, jibu ni lilelile. Punje nyekundu ndiyo sukari yenye alama, inayotiwa kwenye mkojo kwa kiasi kinachojulikana. Manitoli ya kawaida ina uzito wa 182, yenye kaboni 13 zote 6 ina 188. Hupita pamoja, hupotea pamoja, na mashine huzitambua kwa uzito tu. Ila mkono uliotia nyekundu ukikosea hesabu, hakuna mashine itakayouombea msamaha.

Wako watafiti wanaomnywesha mtu manitoli ya kaboni 13 yenyewe, kwa kuwa ya kawaida imo kwenye uyoga na baadhi ya bigijii, ikavuruga vipimo. Hiyo pia haina mionzi. Lakini fomu hii haikuwa ya hivyo. Nilimpigia simu kijana wa maabara yao, akanithibitishia kuwa wao huitia sukari yenye alama kwenye chupa ya mkojo.

Basi waandike hivyo: "Sukari yenye alama tutaitia kwenye mkojo, maabara. Mtoto hatainywa, na haina mionzi." Na kabla ya kuchapa nakala mia, wampe mama mmoja wa sokoni Kiboriloni aisome kwa sauti.

Mkwe wangu alisaini. Mkojo wa mwisho mjukuu alinimwagia kwenye khanga. Nikamwambia mkwe wangu asihofu, laktulosi na manitoli vimemwagika pamoja, na wao wanatafuta uwiano.

Mteknolojia mstaafu,
Pasua, Moshi