Anime ya Koi to Uso imeitupa sheria iliyoizaa

Ndugu Mhariri,

Kwenye ukurasa wenu wa burudani, mwandishi mmoja amewashauri wapenzi wa visa vya mapenzi yaliyokatazwa waitazame anime (katuni ya Kijapani ya televisheni) ya Koi to Uso, na akaongeza kuwa ukishaiona huna haja tena ya kuhangaika na manga yake, yaani kitabu cha hadithi ya michoro ilikotoka. Nusu ya kwanza ya ushauri huo naivumilia. Ya pili hapana, na naomba nafasi nieleze kwa nini.

Mimi nilikuwa karani wa usajili wa ndoa mpaka nilipostaafu. Kazi yangu ilikuwa kupokea fomu, kukagua umri, kuuliza kama kuna mwenye pingamizi, na kugonga mhuri. Mambo ya manga niliingizwa na mpwa wangu. Siku aliponiambia, "Mjomba, kuna hadithi ambayo serikali ndiyo inayomchagulia mtu mchumba," sikuhitaji kubembelezwa.

Kwa wasioijua: mchoraji Musawo alianza kuitoa mwaka 2014 kwenye Manga Box, programu ya simu ya kusomea manga. Japani yake ni ya kufikirika. Watoto hawazaliwi wa kutosha, kwa hiyo serikali imetunga sheria kwamba ukitimiza miaka 16 unaletewa barua yenye jina la mwenzi uliyepangiwa, na moyo wako uufuate waraka. Nejima Yukari amempenda Takasaki Misaki tangu shule ya msingi, tangu alipomkatia nusu ya kifutio chake. Usiku wa kuamkia siku yake ya kutimiza 16 anajikaza na kumweleza, na kumbe msichana naye alikuwa akimpenda kimyakimya. Muda si muda wanafika maafisa wa serikali na barua mkononi. Jina lililoandikwa humo ni la Sanada Ririna.

Nitende haki: kipindi cha kwanza cha anime kimeshika. Wimbo wa kufungulia wa kundi la Frederic unachangamsha, na sauti ya mwigizaji Hanazawa Kana ndani ya Misaki ina mtetemo mdogo ambacho karatasi hauwezi kukupa. Nilikaa mkao wa kula.

Sasa lipo jambo ambalo karani yeyote angeliona. Kabla maafisa hawajafika, simu ya Nejima inapokea ujumbe, na kwenye kioo jina la mwenzi wake ni Takasaki Misaki. Halafu herufi zinavurugika, jina linapotea. Baadaye inakuja barua rasmi na jina lingine kabisa. Ndugu Mhariri, ofisini kwetu jina likibadilika kwenye rejista bila sahihi ya aliyelibadilisha, hakuna anayekwenda kula mchana. Unafunguliwa uchunguzi na watu wanahojiwa mmoja mmoja. Hapo ndipo penye hadithi: nani alikuwa na mkono ndani ya kumbukumbu za serikali, na Misaki anajua nini ambacho hasemi? Kwenye manga swali hilo linakufuata. Unafungua ukurasa, Misaki anatabasamu, na wewe unamtazama machoni (Musawo huchora macho makubwa kupita kiasi, mpwa wangu huyaita mataa) ukitafuta kama anaficha. Unaweza kukaa kwenye picha moja mpaka chai ipoe.

Anime haikupi nafasi hiyo. Picha ileile ambayo kitabuni haina neno hata moja, kwenye anime imewekewa piano na sekunde tatu, kisha twende. Lililoniudhi zaidi ni kwamba swali la jina linasogezwa pembeni kabisa. Kuanzia katikati, kinachoulizwa ni kimoja tu: atamchukua Misaki au Ririna? Hilo ni swali la hadithi yoyote ya mapenzi ya wanafunzi, haihitaji serikali wala barua. Ukiondoa mkataza, mapenzi yaliyokatazwa yanabaki na nini? Maafisa wanatajwa, sheria inatajwa, ila huoni mtu akiiogopa. Wahusika wanabusiana na kulia kana kwamba kikwazo chao ni haya.

Na mwaka wenyewe ulikuwa mzuri ajabu kwa hadithi hii. Anime ilirushwa kuanzia Julai 2017. Mwaka uliotangulia, watoto waliozaliwa Japani walikuwa wamepungua chini ya milioni 1 kwa mara ya kwanza tangu takwimu hizo zianze kuwekwa mwaka 1899. Yaani hofu iliyoitunga ile sheria ya kubuni ilikuwa kwenye magazeti yao ya kweli. Sheria zao za kweli nazo zilikuwa na mambo: wakati huo msichana wa Kijapani aliruhusiwa kuolewa akiwa na miaka 16 kwa idhini ya mzazi, mvulana mpaka afike 18, na usawa wa 18 kwa wote ulianza Aprili 2022. Halafu kule ndoa ni karatasi hasa. Wawili wanapeleka fomu ofisi ya manispaa ikiwa na mashahidi wawili, inapokewa, basi wameoana, hata kama hapakuwa na sherehe. Mtengenezaji mwenye jicho angeijaza anime hii madawati, foleni, makabati ya mafaili na sauti ya mhuri. Tumepewa mabusu, machozi na mashavu mekundu.

Kuna kijana mmoja naye, Nisaka Yusuke, rafiki wa Nejima, mtanashati ambaye wasichana wanamgombania. Anayempenda ni Nejima mwenyewe. Fikiria: sheria nzima imetungwa ili wazaliwe watoto. Misaki angalau angeweza kuwa jina kwenye barua ile, na kwa dakika moja lilikuwa. La Nisaka halikuwahi kuwa na nafasi, wala halitakuwa nayo. Katika hadithi nzima hakuna aliyekatazwa kama yeye. Anime imemgusa, ikaona moto, ikarudisha mkono. Kila anapoanza kuwa mtu, tunarudishwa kwa wasichana wawili.

Ririna nimebaki kumpenda kote kuwili. Huyu ndiye mchumba halali wa karatasi, na badala ya kudai haki yake anajitolea kuwasaidia wenzake wapendane. Kitabuni anabadilika polepole, kutoka udadisi kwenda maumivu, na hujui ni ukurasa gani hasa alianza kuumia. Kwenye anime naweza kuionyesha kwa kidole ile sehemu: ni pale muziki unapobadilika.

Najua nitajibiwa kuwa vipindi 12 havitoshi. Kweli, havitoshi. Studio ya Liden Films ilipewa robo moja ya mwaka, dakika ishirini na kitu kila wiki, wakati manga ilikuwa bado inaendelea. Anime nyingi za Japani hugharamiwa na kamati ya wawekezaji ambamo mchapishaji wa kitabu naye yumo, na kwa mchapishaji anime ni tangazo la kuuzia kitabu. Sina ugomvi na biashara. Lakini tangazo haliwezi kuwa mbadala wa bidhaa, na hapo ndipo mwandishi wenu alipoteleza. Anime inaisha kijana akiwa amegundua kuwa anawapenda wote wawili, na inakuacha hapo mlangoni. Musawo mwenyewe aliendelea kwa miaka, na alipofika mwisho aliandika miisho miwili, mmoja wa Misaki na mmoja wa Ririna. Wapo waliomlaumu kwa kuogopa kuamua. Mimi naona alilipa deni mara mbili.

Na si kwamba haiwezekani kufanya vizuri. Fruits Basket, anime nyingine ya mapenzi yenye kizuizi, ilitolewa mwaka 2001 kwa vipindi 26 huku manga yake haijaisha, ikakatika njiani. Mwaka 2019 wakaianza upya tangu mwanzo, na kufikia 2021 walikuwa wamefika mwisho wa kitabu kwa vipindi 63. Walisubiri hadithi iishe, ndipo wakaipa urefu wake.

Kwa hiyo namwomba mwandishi wenu aurekebishe ushauri wake katika toleo lijalo. Waambieni wasomaji watazame kipindi cha kwanza, wasikilize wimbo, wazime, kisha wafungue manga kuanzia sura ya kwanza, na kwenye ile picha ya simu ya Nejima wasipite haraka. Anayetaka kuendelea na anime baada ya hapo ni hiari yake. Mpwa wangu aliendelea, na bado ananibishia kuhusu Nisaka.

Karani mstaafu wa usajili wa ndoa