Salamu za shukrani kutoka kwa familia ya marehemu Mzee Wakili, Pumwani, Nairobi

Bismillahi Rahmani Rahim.

Assalaam alaykum. Sisi mjane, watoto na wajukuu wa marehemu baba yetu, ambaye Majengo nzima ilimwita Mzee Wakili, tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetupa baba huyu kwa muda aliopenda Yeye. Nanyi mliomsindikiza hadi makaburi ya Kariokor, ahsanteni sana.

Siku kumi na tisa alizolazwa katika chumba cha wagonjwa mahututi zilitumaliza. Tuliruhusiwa kumwona kwa dakika chache, mmoja mmoja, na Mama dakika zake alizitumia kumkata kucha na kumsomea Yasin. Usiku wa mwisho, saa nane, tukaambiwa amefariki. Machozi hayajakauka, tukaambiwa maiti haitoki mpaka deni lote lilipwe. Baba mwenyewe alisimama mahakamani kutetea familia zilizonyimwa maiti wao, na Mahakama Kuu imekwisha kuamua kwamba maiti haiwezi kuwa dhamana ya deni. Lakini saa ile ya usiku hakimu tungempata wapi? Nasi tulitaka azikwe siku hiyo hiyo.

Ndipo akaingia wakili mmoja kijana, aliyefunzwa kazi na Baba. Alikuwa na kandambili miguuni. Aliweka logbuku, hati ya umiliki wa gari lake, juu ya meza ya karani, akatia saini kwamba deni ni lake. Alfajiri tukatoka na Baba, adhuhuri akasaliwa Msikiti wa Jamia. Kijana wetu, umetukataza kukutaja jina na tumetii. Mama anasema tangu usiku ule ana mtoto wa saba.

Baba alikuwa wakili kijana mwaka 1992, akina mama walipogoma kula Uhuru Park wakidai wana wao, wafungwa wa kisiasa, waachiliwe. Aliwapelekea maji na mablanketi. Katiba mpya ilipozinduliwa tarehe 27 Agosti 2010, alirudi bustani ile ile akalia mbele yetu. Nakala yake ndogo ya Katiba tumeikuta kwenye mfuko wa koti, mgongo umebandikwa selotepu, pembe ya ukurasa imekunjwa penye kifungu cha 49, kinachotaka aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24.

Siku ya tatu akaja mama muuza mahamri wa Gikomba, mkononi ana risiti iliyochakaa ya faini ya mahakama ya jiji. Kanjo, askari wa jiji, walimkamata akiwa na mtoto mgongoni, Baba akamlipia. Nyumbani hakuwahi kututajia. Mama huyo alibaki jikoni kwetu hadi siku ya hitima, akikanda unga. Mungu amlipe, sisi hatuwezi.

Shukrani pia kwa maimamu, waosha maiti na wachimba kaburi. Madaktari na wauguzi wa zamu za usiku. Vijana wa bodaboda waliotoa damu. Chama cha Mawakili wa Kenya. Mahakimu na makarani wa Milimani, Makadara na Kibera. Wachuuzi, majirani Waislamu na Wakristo, akina mama waliopika pilau, ndugu waliotoka Mombasa na Lamu, na wote mliotuma mchango kwa M-Pesa.

Tunaomba radhi, tena kwa unyenyekevu. Daftari la rambirambi lililoa mvua chini ya hema na kurasa nyingi wino umefutika. Usiposikia jina lako wala kupigiwa simu, tafadhali usidhani tumekudharau. Tusamehe, na umsamehe Baba kama aliwahi kukukosea.

Yeyote anayemdai marehemu aje nyumbani, tutalipa inshallah. Mlioacha hati za mashamba na faili za kesi ofisini kwake, zipo salama. Njooni na vitambulisho mzichukue. Kwa wale aliowakopesha, Mama ameshasamehe.