Shukrani kwa dada wa kituo cha watoto, Likoni, Mombasa

Dada, hukutaka utajwe jina, lakini watu wajue ulichofanya. Mume wangu alipokosa kazi, mwanetu wa miaka 4 hakuingia PP1, mwaka wa kwanza wa chekechea. Hata cheti cha kuzaliwa hakuwa nacho. Ulikuja nyumbani, tukaitafuta kadi ya kliniki, ukanisindikiza kwa chifu, kisha tukavuka feri kufuatilia cheti. Sare ilitoka kwa shirika lenu. Halafu uliketi nami mkekani ukanionyesha jinsi ya kumfundisha kuhesabu kwa vifuniko vya soda, vyekundu huku, vya kijani kule. Hilo ndilo lililonigusa zaidi, maana niliishia darasa la tatu na hukunidharau hata kidogo. Mungu akulipe. Na aliye na sare iliyombana mwanawe, tafadhali aipeleke kituoni, wapo wanaoihitaji.