Mtoto akisema kitabu hakikumpendeza, muulize kwa nini: barua kwa wazazi na walezi

Ofisi ya Mwalimu Mkuu,
Shule ya Msingi,
Tanga.
Juni

Kwa wazazi na walezi wote,

YAH: KUFUNGA SHULE MUHULA WA KWANZA NA VITABU VYA LIKIZO

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Leo tumefunga shule. Kila mtoto amepewa ripoti yake ya maendeleo. Naomba muisome, muitie sahihi, na kile kipande cha chini kirudi kwa mwalimu wa darasa siku ya kufungua. Michango ya uji imekwenda vizuri, ahsanteni sana; walimu wa madarasa ya chini wanasema utulivu wa watoto baada ya saa nne unaonekana kwa macho. Darasa la Saba watabaki na masomo ya ziada kama tulivyokubaliana kwenye kikao, na ratiba wanayo. Mengine ya kawaida mtayakuta kwenye ripoti. Nafasi iliyobaki naitumia kwa jambo moja ambalo wengi wenu mmeniuliza, wengine kwa furaha na wengine kwa wasiwasi: kile kipindi cha Ijumaa ambacho watoto wanakaa kuzungumzia vitabu walivyosoma.

Sisi sote tumelelewa na swali moja. Ukimaliza kusoma hadithi darasani, mwalimu anauliza: hadithi hii inatufundisha nini? Mtoto mwerevu hujua jibu hata kabla ya kufungua kitabu. Tusiwe na wivu. Tuwatii wazazi wetu. Umoja ni nguvu. Anapigiwa makofi, anakaa, na kitabu kinafungwa. Mechi ya Simba na Yanga ikiisha hakuna anayemuuliza mwenzake imetufundisha nini. Watu wanabishana barazani mpaka usiku, nani alicheza, nani aliharibu, refa aliona au hakuona, na kila mmoja anakumbuka dakika ilivyokuwa. Nilitaka watoto wetu wavizungumzie vitabu kwa moyo huo. Ndiyo maana muhula huu swali tulilibadilisha. Mtoto anaulizwa: umeonaje? Kisha anaulizwa: umeona wapi?

Hilo swali la pili ndilo lenye uzito. Mtoto wetu ana ruhusa ya kusema kitabu kimemchosha, au mhusika fulani kamuudhi, au mwisho haukumridhisha. Lakini lazima ataje ukurasa, afungue, awasomee wenzake. Asipoweza, anakaa na kurudi kusoma. Na anayetaka kumpinga mwenzake lazima kwanza aseme mwenzake amesema nini, mpaka yule akubali kwamba ndivyo alivyosema, ndipo atoe lake. Mwanzoni kanuni hii iliwashinda wengi. Walikuwa wanasubiri tu zamu yao ya kuongea. Sasa hivi Darasa la Sita wanaifuata hata mwalimu akiwa ametoka nje.

Niwape mfano wa Ijumaa moja niliyokaa nyuma ya darasa hilo. Walikuwa wanasoma Adili na Nduguze cha Shaaban Robert, kilichotoka mwaka 1952. Wengi wenu mnakikumbuka, na mwandishi mwenyewe ni wa kwetu, mzaliwa wa Vibambani hapa Tanga mwaka 1909, aliyefanya kazi ya ukarani wa forodha miaka mingi huku akiandika. Kwa asiyekumbuka: Adili ana nyani wawili anaowachapa kila usiku. Nyani hao ni Hasidi na Mwivu, ndugu zake wa damu, ambao walimtosa baharini kwa wivu. Jini Huria ndiye aliyewageuza nyani, na ndiye aliyemwamuru Adili awachape.

Mvulana mmoja akasimama akasema adhabu hii haina haki, kwa sababu kosa lilikuwa moja na viboko ni vya kila usiku. Mwenzake akarudia maneno hayo vizuri, kisha akasema: walimtosa ili afe, na kuponea kwake hakupunguzi kosa lao. Darasa likagawanyika. Wakataja kurasa, wakasomeana, mwalimu amekaa kimya. Halafu msichana mmoja, ambaye tangu Januari sauti yake nilikuwa siijui, akanyoosha kidole. Akasema yeye anaona anayeadhibiwa zaidi ni Adili, maana kila usiku ni yeye anayeamka na kushika kiboko kuwapiga ndugu zake, na hana ruhusa ya kuacha. Aliulizwa ameona wapi. Akafungua kitabu chake, kimefunikwa kwa gazeti, akaweka kidole kwenye mstari, akasoma.

Nimefundisha muda mrefu na kitabu hicho nimekisoma na watoto wengi. Sikuwahi kusikia jambo hilo likisemwa darasani. Watoto wa umri huu wana mawazo mazito kuhusu adhabu, haki na undugu, tena wanayabeba kila siku, ila ni mara chache mtu mzima kuwaketisha na kuwauliza.

Wadogo nao wana yao. Darasa la Tatu walisoma hadithi za wanyama, zile za sungura na fisi, na mtoto mmoja akauliza kwa uchungu wa kweli kwa nini fisi ndiye mjinga kila siku. Akataka kusoma hadithi ambayo fisi anashinda. Mwalimu wao akawaambia waiandike wenyewe, na baadhi wameandika. Zimebandikwa ukutani, karibuni mzisome. Mwingine aligundua kwamba katika picha ya ukurasa mmoja mama amevaa kanga nyekundu na ukurasa unaofuata, safari ikiwa ile ile, kanga ni ya kijani. Msione ni jambo dogo. Mtoto aliyeliona hilo ametazama kitabu kwa makini kuliko wengi wetu.

Sasa nije kwenye wasiwasi wenu. Wapo wazazi walionifuata ofisini kusema kwamba tunawafundisha watoto kujibizana na wakubwa. Nalichukulia jambo hili kwa uzito, kwa sababu heshima ni msingi wa malezi yetu na siko tayari kuona shule inaubomoa. Lakini tazameni kinachofanyika. Mtoto anasubiri, anamsikiliza mwenzake hadi mwisho, anayarudia maneno yake bila kuyapotosha, anatoa ushahidi, na akishindwa anakubali na kukaa. Mtoto mkorofi hawezi hata moja katika hayo. Akija nyumbani akasema, “Samahani baba, mimi nimeona tofauti,” hajavunja adabu. Akisema kwa ufidhuli, mkanyeni, nasi tutamkanya. Tusimkanye kwa sababu tu ana wazo.

Wengine mmeuliza kuhusu mitihani, hasa wenye watoto wa Darasa la Nne ambao mwishoni mwa mwaka wana Upimaji wa Kitaifa. Jibu langu ni kwamba ufahamu ndio huu huu. Maswali ya ufahamu yanamtaka mtoto arudi kwenye kifungu na kutafuta, wala si kukisia. Mwalimu wa Kiswahili amenionyesha pia tofauti katika utungaji: zile insha zilizokuwa zinaanza zote kwa maneno yale yale na kumalizikia kwenye fundisho lile lile zimepungua, na sasa unasoma rundo la madaftari ukaweza kujua hii ni ya nani kabla hujatazama jina.

Kwa likizo hii kila mtoto wa Darasa la Tatu hadi la Sita amepewa vitabu viwili. Vingi ni vile vyembamba vya hadithi vilivyoandikwa na Watanzania wenzetu. Baadhi vimepatikana kupitia Mradi wa Vitabu vya Watoto, ambao tangu mwaka 1991 umekuwa ukisaidia kutoa vitabu vya watoto kwa Kiswahili. Wanaokaa mjini mna Maktaba ya Mkoa karibu, mpelekeni mtoto hata kama ni siku moja, achague mwenyewe rafuni.

Ninachoomba kwenu si kikubwa. Mtoto akimaliza kitabu, mwambieni awasimulie, msimkatize, na mkimaliza kusikiliza muulizeni ameonaje na ameona wapi. Akiishia katikati kwa sababu hakimvutii, msimlazimishe amalize. Aeleze tu alipochokea na kwa nini, aandike kwenye daftari lake la msomaji. Msimpe kitabu kama adhabu. Mtoto anayeambiwa “kaa ndani usome” kwa sababu amekosa ataviona vitabu vyote kuwa kifungo. Na hili nalisema kwa msisitizo: mabinti wapate muda. Najua kazi za nyumbani zinavyogawanywa, na najua likizo ikianza nani huamka kuchota maji, kuosha vyombo na kubeba mdogo mgongoni. Binti apewe muda ule ule wa kusoma anaopewa kaka yake, tena mchana, kukiwa na mwanga.

Mzazi asiyejua kusoma asijione hana nafasi. Kuna mtoto wa Darasa la Tano aliyemsomea bibi yake hadithi, na bibi akaikataa. Akamwambia mjukuu kwamba katika ile anayoijua yeye, aliyosimuliwa akiwa mdogo, yule binti hakuokolewa na mtu, alijiokoa mwenyewe kwa wimbo. Mtoto akaja Ijumaa na hadithi mbili badala ya moja, akawaimbia wenzake wimbo wa bibi, na darasa zima likabishana ni ipi bora. Bibi huyo tumemwalika. Wengine wenye hadithi za namna hiyo, milango iko wazi.

Tukifungua tutaiadhimisha Siku ya Kiswahili Duniani, ambayo UNESCO iliitangaza mwaka 2021 kuwa 7 Julai. Kwa kuwa siku yenyewe ni Sabasaba na ni mapumziko, sisi tutakutana katika siku ya shule ya wiki hiyo hiyo. Tarehe na saa mtazikuta kwenye ripoti. Darasa la Tano na la Sita watasimama mbele yenu kuzungumzia vitabu walivyosoma likizo. Mzazi anayekumbuka kitabu chochote alichosoma akiwa shule aje tayari kusema alikionaje, na ajiandae kuulizwa ameona wapi.

Vitabu virudishwe siku ya kufungua kwa mwalimu wa darasa. Kikilowa kianikeni kivulini, si juani. Kikichanika, kurasa zote zikusanywe na ziletwe hivyo hivyo, tutazibandika wenyewe. Hakuna mtoto atakayeadhibiwa wala mzazi atakayedaiwa kwa kitabu kilichochakaa kwa kusomwa, hivyo asibaki mtoto nyumbani kwa kuogopa hilo.

Nawatakia likizo njema.

Mwalimu Mkuu