Kuhusu ile saa ya kuhesabu hatua

Tanga, Jumapili jioni

Shoga yangu,

Goti lako pole sana. Umeniuliza kama nawe ununue saa kama yangu. Ningekupigia simu, ila leo vidole vyangu vya baridi yabisi vimeniruhusu kushika kalamu, acha nivitumie.

Wanangu waliponivisha, siku ya tatu nilitaka kuitupa. Ilinidai hatua 10,000 kila siku. Magharibi inaingia ninazo 3,000, vifundo vimevimba, nayo inatetemeka mkononi eti niinuke! Kumbe hiyo 10,000 haikutoka kwa daktari. Ilianzia Japani mwaka 1965, kampuni moja ilipouza kipima-hatua ikakiita manpo-kei, yaani kipimo cha hatua elfu kumi. Jina la biashara tu, shoga! Utafiti wa Marekani uliotoka 2019 uliwafuata kina mama wa miaka 72 hivi kwa wastani: waliofikisha hatua 4,400 kwa siku walifariki wachache kuliko wa 2,700, na baada ya 7,500 faida haikuongezeka. Mimi nikashusha lengo langu hadi 4,000, ikanyamaza.

Halafu usidhani inajua kutembea. Yenyewe inasikia mkono unavyotikisika basi. Juzi nimekaa kwenye mbuzi nakuna nazi, nikainuka na hatua mia mbili na ushee. Nikienda sokoni nimeushikilia mkongojo kwa mkono huohuo wenye saa, nusu ya safari haionekani. Siku hizi mkongojo kulia, saa kushoto. Na usingizi ndiyo usiniulize. Asubuhi inanisifu nimelala vizuri, mimi hata kifuniko cha chupa ya chai hakifunguki.

Faida niliikuta kwingine. Unanijua: nikiamka na nafuu, siku hiyo nafua, naenda sokoni, napitia msibani, kisha siku mbili kitandani. Miaka yote nililaumu baridi, mara maharage. Nilipotazama hesabu za miezi miwili kwenye simu, nikaona kila nilipovuka 5,500, kesho yake sikuamka. Maharage ya watu hayakuwa na kosa. Kwa hiyo wenzetu wanaivaa iwasukume, mimi naivaa inizuie. Ikifika 2,000 kabla ya adhuhuri nakaa, hata kama nguo zimebaki kwenye beseni. Mkwe wangu ameshazoea. Na siku viungo vimewaka, naivua kabisa, maana siku hiyo haina cha kunieleza.

Lako ni goti, langu ni baridi yabisi, kwa hiyo kikomo chako utakitafuta mwenyewe, na umwambie yule anayekufanyisha mazoezi hospitali.

Ukinunua, angalia mkanda kabla ya kitu chochote. Wangu ulikuwa na kifungo cha kupenyeza tundu, wiki mbili nikawa namngoja mjukuu arudi shule anivue. Tafuta wa kunata. Au usinunue kwanza, Idi ukija utaivaa hii yangu siku tatu uone.

Wako,
Mama Zuhura