Usione haya kuuliza

Hombolo, Dodoma

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Uliniambia kwamba huko ofisini kwenu Singida ulipewa kazi ya kulinganisha daftari la fedha na taarifa ya benki, ukaitikia kwa kichwa ilhali hukuielewa, na siku tatu baadaye makosa yakafichuka mbele ya wenzako. Nimeona nikujibu kwa barua, kwa sababu simuni ningekugombeza tu.

Mwaka wangu wa kwanza wa kulima zabibu, mimi niliyekulia kwenye mtama na uwele, niliona ni fedheha kwa mtu mzima kumwuliza jirani namna ya kupogoa. Nikakata kwa kukisia: vitawi vyembamba nikaviondoa, matawi makongwe nikayaacha kwa kuyahurumia. Sikujua kwamba mzabibu huzaa kwenye machipukizi yanayotoka katika tawi la msimu uliopita, kwa hiyo mavuno yangu niliyakata kwa mkasi wangu mwenyewe. Shamba lilinawiri majani, vichala ukavihesabu kwa vidole. Nilipomwuliza mzee wa shamba la pili mbona hakunionya, alinijibu, “Ulinisalimu umeshika mkasi kama fundi, ningeanzia wapi?” Bahati nzuri huku kwetu huvunwa mara mbili kwa mwaka, hivyo sikungoja sana. Kabla ya msimu uliofuata alinifundisha kwa asubuhi moja, tukihesabu macho ya kila tawi, yale yanayochipua, kabla ya kukata.

Wala si sisi wadogo tu. Waingereza walifika Kongwa mwaka 1947 na matrekta yao kulima karanga, na mwaka 1951 mradi ukaachwa. Udongo ulikuwa ukikauka na kuwa mgumu kama sakafu, na mvua haikutosha, mambo ambayo mchunga ng'ombe yeyote wa Kigogo angewaeleza bure.

Sikutetei, maana siku tatu za kunyamaza ni nyingi mno. Kesho mwendee mkuu wako ukiwa na daftari mkononi, wala usimwambie kwamba huelewi kitu. Mwonyeshe mstari wenyewe uliokukwamisha, kama ni hundi mliyoiandika ambayo benki bado haijailipa, umwulize inaingizwa upande gani. Akikukemea, kemeo hilo litaisha kabla ya chai ya saa nne.

Mama yako anakusalimu. Jana nimemaliza kupogoa safu ya mwisho, na yule mzee amepita kukagua. Bado amepata matawi mawili ya kunikosoa.

Baba yako