Grupu la kikoba nalo lahitaji funguo tatu

Mhariri,

Desemba ndio mwezi wa mgawo kwa vikoba vingi, yaani vikundi vya kuweka na kukopeshana pesa, na ndio mwezi ambao magrupu yao ya WhatsApp huwaka moto. Lawama huangukia adabu: watu hawana heshima siku hizi. Sisi tunaofundisha vikundi hivi tunaona chanzo kingine. Mazungumzo ya kikao yamehamia kwenye simu, utaratibu wa kikao umeachwa nyuma. Kwenye kikao kuna mwenyekiti, kuna mtunza nidhamu anayemtoza faini aliyedakia, na sanduku la pesa lina kufuli tatu zenye washika funguo watatu. Grupu la watu hao hao lina admin mmoja, aghalabu yule aliyelifungua siku ya kwanza kwa kuwa ndiye aliyekuwa na bando.

Basi nalo lipewe funguo tatu. Maadmin wawe katibu, mtunza nidhamu na mwanachama mmoja asiye kiongozi, na wasiwe wa nyumba moja. Aliyetajwa kwenye mgogoro asiguse mipangilio mpaka uishe. Kosa tunalokutana nalo mara nyingi kuliko yote ni la admin aliyeulizwa swali la pesa: anajibu kwa ukali, kisha papo hapo anabadili mipangilio ili waandike maadmin peke yao. Hata kama hesabu zake ni safi, hakuna atakayemwamini tena. Kulifunga grupu kwa muda ni dawa nzuri watu wakishapandisha, na usiku mmoja hutosha. Ila afunge asiye na upande, na aandike sababu pamoja na saa ya kulifungua.

Sasa maneno yenyewe. "Mbona rejesho la Mama Fulani silioni?" na "Naomba kuuliza, rejesho la wiki ya 31 limeingia?" ni swali moja, lakini "mbona" limekwisha kuhukumu, na jina limemtoa mtu mbele za watu. Kibaya zaidi ni kijembe: "Humu ndani kuna watu wanajijua." Mwandishi anadhani amestahi kwa kutotaja jina. Kumbe amewatuhumu wanachama wote, na kila mwenye deni anajitetea. Mipasho ina raha yake ukumbini, taarabu ikipigwa. Kwenye hesabu za watu haina kazi. Hali kadhalika methali inayobandikwa kwenye status usiku ule ule.

Tofauti nyingi za pesa si wizi, ni njia mbili za kukokotoa. Chukua mkopo wa shilingi 600,000 kwa miezi 3, riba asilimia 5 kwa mwezi. Anayetoza riba juu ya mkopo wote kila mwezi anapata 30,000 mara tatu, yaani 90,000. Anayetoza juu ya deni lililobaki, mkopaji akirejesha 200,000 kila mwezi, anapata 30,000, kisha 20,000, kisha 10,000, jumla 60,000. Hapo pana shilingi 30,000 za kuitana mwizi, na wote wawili wamepiga hesabu sawasawa. Kinachotakiwa ni kusoma katiba ya kikundi inasemaje, na kama iko kimya, jambo liende kikaoni. Anayelalamikia tarakimu aandike vitu vinne: tarehe, kiasi, namba ya muamala na ukurasa wa daftari. Picha ya ujumbe wa muamala ifichwe salio kabla ya kutumwa, maana salio la mtu likionekana mjadala utageuka kuwa wa salio.

Mjadala wa pesa uandikwe, usitumwe kwa sauti. Sauti ya dakika nne iliyorekodiwa kwa hasira haiwezi kunukuliwa sentensi moja, na aliye sokoni au kwenye daladala hawezi kuisikiliza, kwa hiyo anajibu kile alichosimuliwa. Unapojibu, vuta ujumbe unaoujibu ili ujitokeze juu ya jibu lako. "Huo ni uongo" ikielea peke yake chini ya jumbe 40, watu watano watajiona wametukanwa. Na mzee akiandika kwa herufi kubwa tupu, muulizeni kwanza. Mara nyingi ni simu, hafoki.

Tiki za bluu nazo zimegombanisha wengi. Kwenye grupu hugeuka bluu pale wote wanapokuwa wameupokea na kuusoma ujumbe, na mtumaji anaweza kuangalia nani kausoma. Lakini kusoma si kukiri. Mpeni mtu mpaka kesho jioni kabla ya kuutafsiri ukimya wake.

Aliyekosea anaweza kuhariri ujumbe ndani ya dakika 15. Kuufuta kwa wote kunawezekana kwa siku mbili na ushei, ila unabaki mstari kwamba ujumbe umefutwa, na mstari huo huzaa maswali kuliko kosa lenyewe. Andika chini yake: nimefuta, nilikosea kiasi. Tangu 2022 admin naye anaweza kufuta ujumbe wa mwanachama kwa wote. Tusi lifutwe, lakini katibu apige picha ya skrini kwanza na kuihifadhi. Bila hiyo, kikao cha nidhamu kitabishana kuhusu ujumbe usiokuwepo. (Wanaodhani grupu ni sebule yao wakumbuke pia kwamba Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inagusa unyanyasaji unaofanywa kwa simu.)

Kura za WhatsApp ni nzuri kwa kuchagua tarehe ya mgawo. Msizitumie kuchagua viongozi wala kumwadhibu mtu, kwa sababu kila mmoja anaona nani kampigia nani, na shemeji hawezi kumpinga shemeji mbele ya kundi zima.

Limebaki la kumtoa mtu. Kutolewa kwenye grupu si kutolewa kwenye kikundi: hisa zake bado zimo sandukuni, na sasa hasikii habari zake popote. Faini ya kwenye katiba itangulie, kisha onyo la maandishi. Ikilazimu kumtoa, uamuzi uwe wa kikao, na kuanzia wiki hiyo katibu amtumie kwa ujumbe mfupi wa kawaida idadi ya hisa zake, deni lake na tarehe ya kikao kijacho, kila wiki, hadi siku ya mgawo.

Walimu wa vikoba,
Morogoro